"Umetokelezea" na "umependeza" si neno moja: watu wa Tanga tuliweke sawa hili

Fundi Dada (mleta uzi)

Wakuu kwa wadogo, asalaam aleikum, na wengine habari za kutwa.

Humu jukwaani kuna mtu ameandika kwamba "kutokelezea" ni lugha ya wahuni, na kwamba mstaarabu akimwona mwenzake kavaa vizuri atasema "umependeza" na kuishia hapo. Wengi wakamuunga mkono. Mimi nalikataa hilo, na kwa kuwa maelezo yangu ni marefu nimeona nifungue uzi tulijadili kwa kituo.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona madera, vijora na sare za harusi hapa Ngamiani, Tanga mjini, kwa hiyo neno hili linapita barazani kwangu kutwa nzima. Nimelisikia kwa wanaojua pa kulitia na kwa wasiojua.

Nianze na lililo wazi. Bahari pale Raskazone asubuhi, maji yakiwa yamejaa, inapendeza. Milima ya Usambara ukiitazama ukiwa Muheza, ukungu haujaondoka, inapendeza. Mtoto mchanga anapendeza hata akiwa na kamasi. Sasa jaribu kusema "bahari leo imetokelezea" uone watakavyokutazama. Sarufi haina kosa, lakini neno halikai, kwa sababu bahari haikujiandaa. Ili mtu atokelezee ni lazima awe ameshughulika. Amechagua kitambaa, amemrudia fundi kwa ajili ya mkono uliokaa vibaya, amesuka, amepiga pasi, amejifukiza udi, kisha amefungua mlango akatoka watu wakamwona. Hapo ndipo neno linapomstahili.

Ndiyo maana mtu mwenye sura nzuri anaweza kumaliza mwaka mzima hajatokelezea, na mwingine ambaye hakuna aliyewahi kumwita mzuri akatokelezea Idi mosi mpaka watu wa barazani wakaacha bao. Uzuri mtu anazaliwa nao. Kutokelezea anakufanya mwenyewe, kwa mikono yake na ya fundi wake.

Ushahidi wangu mkubwa ni sare. Watu wa nje hawajui, lakini sisi mafundi sare inatufundisha mengi. Kitambaa kimoja, duka moja, rangi moja, wanawake wa ukoo mzima wanagawana. Ukifikiri nguo ndiyo inayofanya kazi, basi wote wangetoka sawasawa. Hawatoki sawa. Kuna mama mmoja anauza mihogo ya kukaanga jirani na kwangu, aliniletea sare ya harusi ya mpwa wake, satini nyepesi ya rangi ya zambarau, ile inayoteleza ukiikata. Wenzake wote walitaka kijora cha kawaida. Yeye akaniambia, "Fundi, nipunguzie kiunoni kidogo, mkono uishie hapa kwenye kiwiko, na shingoni unitilie bitana isije ikalegea." Akarudi kuijaribu, akainua mikono juu kama anayetwanga, akaona kwapani inavuta. Nikaachia kidogo. Siku ya harusi alijifunga kilemba cha kitambaa kile kile, kwa kipande tulichokibakiza kwenye upindo, na kikuba cha asumini na rehani amekibana kifuani. Ukumbini wale waliovaa kitambaa hicho hicho walimwambia, "Wewe umetokelezea!" Hakuna aliyemwambia amependeza. Wote walikuwa wamependeza.

Na jambo lenyewe si geni kwetu, hata kama neno ni la vijana. Mwali huwekwa ndani, akafundwa, akasingwa, akapakwa liwa, akatiwa hina na wanja, na siku ikifika anatolewa. Watu wanaenda kumwona alivyotoka. Mzazi naye hukaa ndani siku 40, na siku ya kutoka arobaini anavaa kanga mpya doti nzima, mtoto ana kofia yake, majirani wanakuja kutazama. Pwani hii kutoka kumekuwa na heshima yake tangu zamani. Vijana wamekuta tendo lipo, wao wakalipa neno.

Kwa hiyo mimi nasema neno hili ni la kulindwa, na kulilinda ni kulitumia mahali pake. Naomba michango, hasa ya wazee na ya walimu. Nawasilisha.

Mgosi wa Duga

Fundi Dada, hapo kwenye sare umenimaliza. Kweli kabisa, sijawahi kulifikiria.

Mimi niongeze ndugu zake neno hili, maana kuna watu wanayachanganya yote. Mtu akivaa suti au kanzu na koti juu, tunasema "kapigilia". Kupigilia kunataka nguo nzito. Huwezi kupigilia fulana. Mtu akivaa kitu chepesi cha haraka, tunasema "katupia", katupia jinzi, katupia kijora. "Kaulamba" ni ya kaka zetu, siku hizi nalisikia zaidi kwa waliotuzidi umri. "Kanoga" nalisikia kwa kina mama zaidi, na limetoka jikoni, maana mchuzi ukikolea nazi ndio unanoga. Na "pamba kali", "viwalo", hayo ni majina ya nguo zenyewe.

Yote hayo yanahusu kilichovaliwa au ladha ya mtu. Kutokelezea peke yake ndiko kunakohusu yule mtu mzima mzima, kuanzia unyayo mpaka utosini, na mwendo wake.

Fundi Dada (mleta uzi)

Mgosi wa Duga, mwendo! Ahsante kwa kulitaja. Nimeona dera zuri limeuawa na mtu anayetembea kama anakimbizwa.

Likoni Kwetu

Salamu kutoka Mombasa. Nasoma huu uzi natabasamu, kwani nyinyi mwaliita neno hili la Tanga na huku kwetu Kenya latumika kila siku, Mombasa na Nairobi, redioni na harusini. Kijana wa Nairobi akikuona umevaa vizuri atakwambia "umetokelezea" kabla hajakusalimu. Mimi nimelisikia Nairobi kabla sijalisikia kwa mtu wa Tanga yeyote.

Siwanyimi, lakini msiliwekee ua.

Fundi Dada (mleta uzi)

Likoni Kwetu, karibu sana, na wala sijaliwekea ua ndugu yangu. Soma tena, nimesema "watu wa Tanga tuliweke sawa", sikusema ni letu peke yetu. Tanga na Mombasa wapi tunatenganika? Wadigo wako Kwale na wako Tanga. Harusi moja ina wageni waliovuka Horohoro asubuhi na watarudi Lungalunga jioni. Mimi mwenyewe nina wateja wa upande huo, na vijora vingi vinavyovaliwa hapa vimetoka kwenu. Nguo ikivuka mpaka haivuki peke yake, inavuka na maneno ya kuisifia.

Ninachotaka kujua kwako ni kimoja. Huko kwenu bahari hutokelezea?

Likoni Kwetu

Hapana. Bahari haitokelezei. Hapo tuko pamoja. Hata maua siwezi. Gari lililooshwa likapigwa rangi upya, hilo naweza.

Mwalimu wa Chumbageni

Naomba niingie kidogo, nafundisha Kiswahili sekondari hapa mjini na neno hili nimewahi kulitumia darasani kufundishia mnyambuliko, maana wanafunzi wanalipenda.

Shina ni "toka". Likanyambuliwa likawa "tokea", kisha "tokelea", kisha "tokelezea". Huo mnyambuliko wa kutendea ukirudiwa, mara nyingi Kiswahili kinaongeza uzito wa tendo, kinaonyesha limefanywa mpaka mwisho au bila kuachia. Shika ni kukamata tu, shikilia ni kukamata bila kuachia. Tupa ni tupa, lakini hasira zikipanda unatupilia mbali. Ndani yake ikaingia pia ile -za tunayoikuta kwenye "tokeza": msumari umetokeza ubaoni, jino limetokeza. Wenzetu wa Zanzibar wana "kutokezea", kwa maana ya kujitokeza na kuonekana, na wazee wengi wa hapa wanalitumia hivyo hivyo. Kwa hiyo kijana aliyeunda "kutokelezea" hakuvunja sheria hata moja. Vifaa vyote alivikuta kwenye lugha, na kila mzungumzaji wa Kiswahili anavielewa hata kama hajawahi kulisikia neno lenyewe.

Sasa angalieni "pendeza". Shina ni "penda", likatiwa -eza, likawa kumfanya mwingine apende. Kupendeza kunakamilika kwenye jicho la anayetazama. Kutokelezea kunakamilika kwa aliyetoka. Mleta uzi amelifikia hili kwa cherehani yake bila kitabu cha sarufi, nami namuunga mkono kwa asilimia zote.

Jambo la mwisho. Sikilizeni neno hili linavyotamkwa: karibu kila mara lina -me- au lina "ka-" ya mazungumzo. Umetokelezea, wametokelezea, katokelezea. Ni tendo lililokwisha na matokeo yake yako mbele ya macho. "Anatokelezea" utaisikia ukimzungumzia mtu mwenye desturi hiyo, yule wa kila Ijumaa.

Anayesema ni lugha ya wahuni aniambie ni kipande gani cha neno hilo kisicho Kiswahili.

Mzee wa Raizoni

Wanangu, hamjambo. Nimesoma yote kwa makini.

Mimi ni wa enzi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, bendi za mji huu huu wa Tanga. Kuvaa tulivaa. Mwanzoni mwa mwaka 1969 ilianza ile Operesheni Vijana ya Umoja wa Vijana wa TANU kule Dar es Salaam, kupiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Baadaye zikaja bugaluu, suruali chini pana mpaka zinafagia barabara, na viatu vya raizoni vyenye soli nene, kitana kimechomekwa kwenye nywele. Tulikuwa tunatoka Barabara za Ngamiani kwenda dansini kwa miguu, na vumbi lote linaishia kwenye bugaluu. Ukifika unaipangusa kabla hujaingia mlangoni.

Sikatai neno lenu. Nasikitika kwa neno letu. Sisi tulikuwa na "mtanashati". Mtanashati alikuwa mtu wa siku zote. Ana shati mbili, lakini moja iko mwilini, moja iko kambani, na kola ya zote mbili ni safi. Kucha zimekatwa. Huyo hahitaji harusi wala Idi. Nyinyi mmelikamata la siku moja mkaliacha la kila siku. Nasikia "katokelezea" kila mahali, na sijui lini mara ya mwisho nilimsikia kijana akisifiwa kuwa mtanashati.

Fundi Dada (mleta uzi)

Mzee wangu, shikamoo. Umenena jambo kubwa na nakushukuru kwa kulileta hapa.

Nakubali kwamba utanashati ni kitu kingine kabisa, na ni kweli kijana anayefua shati lake jioni ili alivae kesho hasifiwi siku hizi. Kuanzia leo nitalitumia kwa wateja wangu wanaostahili, na wapo.

Lakini naomba uniruhusu mzee niitetee ile siku moja. Mimi nakaa na wanawake ambao kwa mwaka mzima hawana siku zaidi ya hiyo. Yuko anayeamka alfajiri kuchambua dagaa, yuko anayebeba ndoo ya maandazi kichwani mpaka Mgandini sokoni. Ni wasafi, ni watanashati kwa maana yako, lakini nguo zao ni za kazi. Huyo akiniletea kitambaa alichokidunduliza, najua ile siku ina uzito gani kwake. Akitoka watu wakamwambia "mama fulani umetokelezea", amelipwa mwaka wake wote. Neno "mtanashati" halimtoshi siku hiyo, na "umependeza" anaambiwa hata kwa adabu tu. Anataka neno linaloonyesha kwamba watu wameona alivyohangaika.

Mzee wa Raizoni

Marahaba mwanangu. Hapo nimekuelewa. Yote mawili yakae.

Bi Rehani

Mimi nataka kuongea habari ya mahali ambapo neno hili halifai kabisa, kwa sababu nimeliona likiumiza.

Msibani. Wanangu, msibani usimwambie mtu ametokelezea.

Nilikuwa kwenye hitima ya arobaini huko Pongwe. Tumekaa kwenye mikeka, kisomo kimekwisha, kahawa inapita. Akaingia mke mdogo wa kaka yake marehemu, amechelewa kwa ajili ya usafiri. Baibui jipya, kifuani lina nakshi ya mawe yanayometameta, mtandio unaendana nalo. Binti mmoja wa pale pale nyumbani, kwa nia safi kabisa na mapenzi, akasema kwa sauti, "Mama mdogo, umetokelezea!"

Mkeka mzima ulinyamaza. Aliyekuwa anamimina kahawa alisimama na birika mkononi. Yule mama mdogo hakujibu kitu, alivuta mtandio akaufunika ule urembo wa kifuani, akakaa hivyo ameushika kwa mkono mmoja mpaka tunaagana.

Nimewaza sana kwa nini liliuma vile. Baibui lake halikuwa na kosa, ndilo alilokuwa nalo la kutokea. Binti angesema "karibu mama mdogo, umependeza", pengine lingepita. Lakini kutokelezea, kama mleta uzi alivyosema, ni kumwambia mtu umejiandaa ukatoka ili uonwe. Ukimwambia hivyo kwenye matanga umemtuhumu. Umemwambia wenzio walikuwa wanalia, wewe ulikuwa kwenye kioo.

Kwa hiyo mleta uzi ana haki. Maneno haya mawili yangekuwa sawa, yule mama asingefunika kifua chake.

Na lingine dogo. Mkilitamka, hata harusini, litangulizeni mashallah. Si kila jicho ni zuri.

Fundi Dada (mleta uzi)

Bi Rehani, shikamoo bibi. Hili nimeliandika kwenye daftari langu la vipimo. Nitawaambia na mabinti ninaowafundisha kushona.

Binti wa Sahare

Naomba nami niseme, na naomba wanaume wasome mpaka mwisho.

Mimi naenda kazini kwa baiskeli, kama wanawake wengi wa mji huu. Asubuhi nabana dera langu pembeni kwa pini kubwa lisiingie kwenye mnyororo, ushungi nimeufunga vizuri, natoka. Kuna kijiwe cha bodaboda napita. Kila siku: "Dada umetokelezea!" "Sista leo umetokelezea, tukupeleke?" Siku nikiwa nimevaa gauni la mwaka juzi na nimechoka, wanasema vile vile. Kwa hiyo kumbe hawajaniona. Wanatumia neno zuri kama filimbi ya kuniitia.

Kwa kinywa cha rafiki yangu neno hilo linanipa raha siku nzima. Kwa kinywa cha mtu nisiyemjua, kijiweni, wanaume wamekaa kundi, linanifanya nitamani ningevaa gunia. Kama neno maana yake ni "nimeona ulivyohangaika", basi anayelisema awe mtu mwenye haki ya kunitazama kwa makini kiasi hicho. Ndugu, rafiki, jirani, fundi wangu, mume wangu. Mpita njia anisalimie tu, inatosha.

Na jambo la pili ni hiyo "leo". "Leo umetokelezea." Mnajua inavyouma? Maana yake siku nyingine zote nilikuwaje? Mtu akitaka kunisifia aiondoe "leo" kabisa. "Umetokelezea" imejitosheleza.

Mgosi wa Duga

Dada wa Sahare, nimesoma mpaka mwisho. Nina rafiki zangu wa kijiwe, huu uzi nawapelekea leo leo kwenye kundi letu la WhatsApp. Na "leo" hata mimi nimeambiwa na mke wangu, nikawa sielewi kosa liko wapi. Sasa nimelielewa.

Mtu wa Muheza

Wengine mmetaja bugaluu, mimi nitaje enzi zetu, za masharobaro. Kuanzia miaka kama ya 2010 hivi kila mtaa ulikuwa na sharobaro wake: suruali ya kubana, nywele zimechongwa, miwani, mwendo wa kuyumba, na sauti imelegezwa. Na sisi wa Muheza tuna fahari na huzuni yetu hapo, maana Sharo Milionea, Hussein Mkiety, alikuwa mtu wetu. Alifariki kwa ajali ya gari huku huku Muheza tarehe 26 Novemba 2012, akiwa anakuja nyumbani. Mungu amrehemu. Kijana yule aliigiza usharobaro mpaka bibi zetu wakalijua neno.

Ninachotaka kusema ni kwamba "sharobaro", kama "bishoo" na "brazameni" kabla yake, ni jina la mtu. Ukishabandikwa umebandikwa, hata ukivaa msuli unaenda kuchota maji wewe ni sharobaro tu. Na majina hayo yalikuwa na dharau ndani, kwamba huyu ni mtu wa kujipamba, kazi hawezi. Kutokelezea hakumbandiki mtu jina. Leo ametokelezea, kesho yuko shambani kwenye mkonge na jembe na hakuna anayeona ajabu. Baba yangu mzazi, ambaye enzi zile alinikataza nisinyoe vile, siku ya ndoa yangu nilimwona katoka na kanzu nyeupe na kofia ya vito aliyoitunza kabatini, nikamwambia, "Baba, umetokelezea." Akacheka. Ningemwita sharobaro angenitoa ukumbini.

Mwalimu wa Chumbageni

Mtu wa Muheza, hilo ni zuri sana. Majina yanapitwa na wakati pamoja na mitindo yake, ndiyo maana leo ukimwita kijana "brazameni" atadhani unamchezea. Kitenzi hakina mtindo. Bugaluu ilitokelezea, kanzu inatokelezea.

Kijana wa Makorora

Uzi mtamu sana huu. Mimi nina maswali, tena nina haraka nayo. Jumamosi kaka yangu anaoa Pangani na nimepewa kipaza sauti, mimi ndiye mshereheshaji.

La kwanza, nikimwona mama mkwe wa kaka yangu amevaa vizuri, naweza kumwambia hadharani "mama umetokelezea"? La pili, wapambaji wa ukumbi wamefanya kazi nzuri sana, ukumbi unaweza kutokelezea? La tatu, nimeona watu wanaweka picha zao Instagram wanaandika wenyewe "nimetokelezea". Hiyo ni sawa?

Bi Rehani

La mkwe nijibu mimi. Mke wa mwanangu aliwahi kuniambia chumbani, ananifunga ushungi, "Mama, umetokelezea", na nilifurahi mpaka nikamkumbatia. Lakini tulikuwa wawili, na tumezoeana. Wewe na mkwe wa kaka yako hamjazoeana, na mbele yenu kuna ukumbi mzima. Usithubutu.

Fundi Dada (mleta uzi)

Ukumbi unaweza, kwa sababu kuna mikono imeufanyia kazi. Ndiyo ile ya gari la Likoni Kwetu lililopigwa rangi. Mshono nao unaweza, na mimi nikiambiwa "fundi, mshono umetokelezea" sitaki malipo mengine, ingawa hela naichukua.

Ya picha: "nimetokelezea?" kama swali, umesimama mlangoni unamuuliza dada yako kabla ya kutoka, ni sahihi kabisa, na ndivyo wateja wangu wanavyoniuliza. Kujiandikia mwenyewe kama taarifa hakukai, kwa sababu mwenye kutoka hajioni anavyotoka. Weka picha, waachie waliokuona.

Na ukiwa na kipaza sauti Jumamosi, fanya hivi. Bwana na bibi harusi wakiingia, sema kwa sauti yako yote: "Mashallah, maharusi wetu wametokelezea!" Wamehangaika, wanastahili, na ukumbi utashangilia. Ukifika kwa wakwe, shusha sauti kidogo, uwasalimu kwanza, useme: "Shikamooni wazee wetu. Mama zetu mmependeza sana, karibuni mkae."